Gari Lililopewa Maziwa

Mafundi wote wa magari pale Kitengela walimjua Mwalimu Wilkister Nasike kwa jambo moja: ukishafungua boneti ya gari lake, haondoki. Wateja wengine huacha funguo, wakaenda kunywa chai na kurudi jioni. Yeye aliburuta kiti cha plastiki, akakaa pale pale penye grisi, akaanza maswali. Hiki ni nini? Mbona umekitoa? Na hicho ulichokitoa unakiweka wapi? Swali la mwisho ndilo hasa lililomkalisha kitini, kwa maana walimu wenzake walikuwa wamemtia hofu kwamba ukimpa fundi kisogo, vyuma vyako vizuri vinahamia gari la mtu mwingine. Basi akakaa kulinda mali yake, na katika kulinda akajikuta anajifunza. Maundu, fundi wake wa siku zote, alimzoea hata akawa anampa spana amshikie.

Alikuwa amekuja Kitengela mwaka wa tisini na saba kutoka Bungoma, kufundisha kemia katika shule ya upili. Siku hizo mji wenyewe ulikuwa maduka machache yaliyojipanga kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka ni mbuga tu. Pundamilia walikuja kula nyasi karibu na uwanja wa shule, na wanafunzi hawakushughulika hata kugeuza shingo. Yeye na mumewe Makokha walipanga nyumba katika ploti ya Mzee Kisemei, mfugaji aliyejenga vyumba vya kukodisha kando ya boma lake mwenyewe. Makokha alikuwa mhasibu wa kiwanda kimoja kule Athi River, mtu mpole, msafi, mwenye kuogopa moto kuliko alivyowaogopa wakaguzi wa hesabu.

Ukitaka kuelewa yaliyotokea siku ya gari, lazima umjue kwanza Koko. Koko maana yake kwa Kimaasai ni nyanya, na huyu alikuwa mama yake Mzee Kisemei, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga nyingi na maneno machache. Binti wa Kisemei, Naserian, alikuwa mwanafunzi wa Wilkister. Alipofika kidato cha pili, Koko akamtafutia mume upande wa Loitokitok, na mazungumzo yakafika mbali. Wilkister alivaa viatu vyake vya kanisani, akavuka ua, akamwambia Mzee Kisemei kwamba yule mtoto ana kichwa, aachwe amalize shule, na likiharibika jambo lolote alaumiwe yeye mwalimu. Mzee alifikiri siku kadhaa, akakubali. Koko hakukubali. Alisema mbele ya watu kwamba huyu mgeni ameingia bomani kuvunja nyumba, na kwa miaka mingi walipokutana kwenye bomba la maji alimpita mwalimu kana kwamba amepita mtungi. Jambo hilo lilimuuma Wilkister sana. Alikuwa mtu wa kupendwa na watu, na huyu mmoja alikuwa amemkataa.

Naserian alimaliza shule, akasomea uuguzi, akaajiriwa. Mwaka wa elfu mbili na tano akamleta nyumbani mchumba aliyemchagua mwenyewe, Austin, kijana wa kushughulikia mizigo ya malori pale mpakani Namanga. Mahari ikaenda vizuri, harusi ikapangwa iwe Jumamosi, kanisani Kajiado mjini. Naserian akasema gari la kumpeleka litakuwa la Mwalimu, si lingine.

Alhamisi asubuhi, Wilkister akiwa anapangusa vumbi la gari, akamwona Koko anakuja na kibuyu mkononi na nyasi mbichi mkono wa pili.

"Takwenya," Koko akasema.

Wilkister karibu adondoshe kitambaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kusalimiwa. "Iko," akaitikia kwa Kimaasai.

Koko alizunguka lile gari polepole, akinyunyiza maziwa kwenye kila gurudumu na kwenye milango, akiomba kwa Kimaasai, kisha akafunga nyasi kwenye kioo cha pembeni. Katika boma lile la Kisemei, chombo cha kumtoa bibi harusi kikishapewa maziwa, ndicho hicho. Hakibadilishwi, kwa sababu kukibadilisha ni kusema baraka imekataliwa. Koko alipomaliza, alimgusa Wilkister begani kwa mkono wenye maziwa, akaenda zake. Wilkister aliingia ndani akalia kwa furaha, na Makokha akadhani kuna msiba.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Wilkister na petroli. Mwanamke huyu, mwenye digrii ya kemia, hakuwahi hata siku moja kujaza tanki. Alinunua petroli kama mtu anavyonunua chumvi ya kupimiwa, kidogo leo, kidogo kesho, na taa ile ya rangi ya chungwa ya kuonya petroli inaisha kwenye dashibodi iliwaka muda mrefu hata akaiona kama pambo. Si yeye peke yake. Nusu ya magari ya Kitengela yaliishi hivyo. Maundu alikuwa amemwonya. "Mwalimu, pampu ya hii gari iko ndani ya tanki. Petroli ndio inaipoesha. Ukiinyima, inachemka ikiwa kavu, siku moja inakufa." Mwalimu aliitikia, akaendelea kupimiwa chumvi.

Ijumaa asubuhi gari halikuwaka.

Starta ilizunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika. Maundu aliitwa, akaja. Akamwambia Wilkister ageuze ufunguo bila kuwasha, akainamisha sikio kwenye kiti cha nyuma. Kwa kawaida husikika mngurumo mdogo chini ya kile kiti. Safari hii kimya. Akaangalia fyuzi, nzima. Akapima kama umeme unafika kwenye pampu, unafika.

"Imeenda," Maundu akasema. "Nilikwambia, Mwalimu."

"Uliniambia. Itengeneze basi."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Maundu alikuwa na pampu mpya ya aina ile kibandani kwake, lakini lori la mteja wake mkubwa lilikuwa limekwama Namanga, na gari la kumchukua lilikuwa linamngoja barabarani. Asingerudi kabla ya Jumapili. Fundi mwingine wa kuaminika kwa kazi ya ndani ya tanki hakuwako karibu; yule mmoja aliyepatikana alikuja na sigara mdomoni, na Wilkister akamshukuru akamrudisha.

Mzee Kisemei akasema jambo la busara kabisa. "Si Naserian apande pickup yangu?"

Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hakupandisha sauti. "Gari ilipewa maziwa," akasema, akageuza uso.

Wilkister aliuona ule uso ukifungwa, uso ule ule wa kwenye bomba la maji. Pickup ikitoka na bibi harusi kesho, mlango uliofunguka jana ungefungwa tena, na haungefunguka mara ya pili, kwa maana Koko alikuwa mzee. Akamgeukia Maundu aliyekuwa anakusanya vyombo vyake.

"Niachie pampu, na ule mpira wa kuvuta mafuta kwa mkono, na spana zako. Nitaweka mwenyewe."

Maundu alimtazama. Alikumbuka lile gari la mwalimu mkuu msaidizi mwaka uliopita, alilolibadilishia pampu huku Wilkister amekaa kando yake kama kuku anayelalia mayai, akiuliza hadi bolti ya mwisho. "Wewe unajua," akasema mwishowe. "Usiharakishe tu. Hii kazi haipendi mbio."

Makokha alipoelewa kinachosemwa, alikaa chini, akamwita mkewe kwa jina la binti yao. "Mama Beverlyne, hapana. Tafadhali. Si tuweke mtungi wa petroli juu ya gari na mpira, kama zile pickup za zamani?"

"Hii haiwezi kunywa hivyo. Inataka kusukumiwa kwa nguvu. Na huo mtungi juu ndio ungetuchoma sisi wote."

"Lakini tanki yenyewe iko karibu tupu! Afadhali hata moto hauna kitu ya kula."

Hapo mwalimu wa kemia aliamka ndani yake. Kila mwaka aliwaonyesha wanafunzi tone moja la petroli ndani ya mkebe uliofunikwa, kisha cheche, na kifuniko kilivyoruka hadi darini. "Baba Beverlyne, tanki tupu si tupu. Imejaa mvuke. Petroli yenyewe hungoja, mvuke haungoji." Na alipolisema hilo akaona aibu, kwa kuwa miaka miwili, tangu anunue gari, alikuwa akifundisha mkebe ule na kuendesha mkebe ule ule barabarani.

Tatizo la kwanza lilikuwa Jentrix. Jentrix, mpangaji mwenzao, ndiye aliyekuwa mkuu wa wapishi wa harusi, na ua mzima ulikuwa majiko yake, sufuria zinachemka, chapati zinageuzwa.

"Nizime moto?" Jentrix akapaaza sauti. "Na wageni wale nini kesho, hiyo pampu?"

"Usizime. Sisi ndio tutatoka."

Wilkister alisimama akatazama moshi wa majiko unaelekea wapi. Kisha wakalisukuma gari, yeye, Makokha, Mzee Kisemei na wanaume waliokuja kuchinja mbuzi, wakatoka nje ya ua hadi mbali mbugani, upande ule ule moshi ulikokwenda, mahali palipoteremka kidogo kuelekea mbali na ua. Mzee Kisemei akauliza kwa nini wasiende upande wenye hewa safi.

"Mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini na kufuata upepo," akajibu. "Nataka moshi utufuate sisi, si petroli iwafuate wapishi."

Akawaambia wote warudi na simu zao. Makokha alikataa kurudi. Alizima simu, akachukua ndoo ya mchanga na ule mtungi wa kuzima moto alioununua zamani, uliochekwa na ploti nzima, akasimama hatua kadhaa nyuma kama askari wa benki. Akiwa na hofu yote aliyokuwa nayo, alisimama. Wilkister alimpenda sana wakati ule.

Koko naye alikuja na kigoda chake, akakaa upande upepo ulikotoka, akafungua kikopo.

"Koko, hapana tumbaku, tafadhali."

"Ni ugoro," Koko akasema. "Haina moto." Akavuta, akapiga chafya, akabaki.

Wilkister alivua sweta la nailoni lisije likazaa cheche, akabaki na gauni la pamba. Akafungua milango yote na buti. Akafungua kifuniko cha tanki taratibu kikapumua, akakirudisha. Akautoa waya wa hasi wa betri, akaufunga kitambaa usirudi kugusa. Kisha akashika bodi ya gari kwa kiganja kizima, jinsi alivyofundisha, umeme wowote uliokuwa mwilini uishie hapo. Akanyanyua kiti cha nyuma, na kifuniko cha bati kinachoshikilia pampu ndani ya tanki kikaonekana, kimelala chini ya vumbi la Kitengela, vumbi jeupe la miaka.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakafungua na uchafu wote ukaanguka ndani. Yeye alipiga brashi, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akapangusa tena. Akachomoa plagi ya nyaya. Kwenye paipu ya petroli akazungushia tambara na kulegeza pole pole, kwa sababu hata pampu ikifa, presha inaweza kubaki imejificha pale. Ilitoa mate kidogo, tambara likayanywa. Kwa ule mpira wa Maundu akavuta petroli iliyobaki kuingia kwenye debe la chuma lenye kifuniko, na Makokha akalibeba mbali akiwa ameligeuzia uso pembeni. Kule mtaani watu huvuta kwa mdomo, wakatema, wakacheka, na wengine wamelazwa hospitalini wakiwa hawacheki. Wilkister hakutaka kuonja.

Alilegeza bolti kwa zamu, moja hapa, nyingine ng'ambo yake, kisha akainua ule mkusanyiko wote wa kifuniko na pampu akiuinamisha, boya lake la kupimia petroli lisije likapinda. Harufu ilimpanda, akarudi nje kuvuta hewa, akafunika tundu kwa kitambaa safi. Pampu ya zamani ilikuwa imeungua rangi. Chujio lake lilikuwa jeusi kwa matope ya chini ya tanki, yale matope ambayo huvutwa na pampu ya anayeendesha taa ikiwa imewaka.

"Niliiua mwenyewe," akasema.

Koko alinyoosha shingo. "Imekufa na nini?"

"Kiu, Koko."

Koko alitikisa kichwa. Kiu alikijua, alikuwa ameona ng'ombe wakifa nacho miaka mingi ya ukame.

Akaweka pampu mpya na chujio jipya, waya wa chanya mahali pa chanya, akabadilisha mpira wa kuziba ukingo wa kifuniko, kwa maana wa zamani ulikuwa umevimba kwa petroli na usingekaa tena. Akateremsha mkusanyiko, akakaza bolti kwa zamu vile vile, akarudisha paipu na plagi. Halafu akaketi chini kwenye nyasi.

"Umemaliza?" Mzee Kisemei alikuwa amerudi, amekuja na debe la chuma lililojaa petroli, na nyuma yake nusu ya wapishi wakasimama mbali. "Basi washa, Mwalimu!"

"Bado. Wacha upepo upite ndani ya gari kwanza."

Wakangoja. Aliponusa akaona pamekauka, akamimina petroli yote tankini, akafunga kifuniko, akarudisha betri. Akageuza ufunguo bila kuwasha. Chini pale pakanguruma, mngurumo mdogo, mtamu. Kule nyuma wapishi wakapiga vigelegele.

"Washa!" wakapiga kelele. "Mwalimu, washa!"

Wilkister alizima ufunguo, akaenda kuangalia. Pale paipu ilipoungana, palikuwa na unyevu, mstari mwembamba unaong'aa. Kidogo sana. Mtu mwenye haraka angepangusa na kufunga kiti.

"Siwashi."

"Ni nini tena?" Mzee Kisemei alikuwa ameanza kuchoka. "Jua linaenda, mbuzi hazijachinjwa, watu wanangoja. Si ni tone tu? Washa, itakauka yenyewe."

"Mzee, Naserian ataketi juu ya hiki kitu. Siwashi."

Kisha Koko akainuka kwenye kigoda, akaegemea fimbo yake.

"Mwacheni," akasema, kwa Kiswahili, ili wasikie wote. "Mimi nilimkimbiza huyu mama siku moja. Juu ya huyo huyo msichana. Alikataa kukimbia. Hata mimi nilikasirika." Akamwelekezea Wilkister fimbo. "Alikuwa na haki. Mwacheni."

Wilkister alirudi kwenye betri, akautoa waya, akapangusa, akangoja upepo tena. Paipu haikuwa imeingia hadi mwisho. Klipu ilikuwa imeuma pembeni. Akaisukuma hadi ikalia ta, akavuta kuhakikisha. Betri tena, ufunguo tena, mngurumo tena. Akapitisha kidole pale pale, akakitazama juani, akakinyanyua kuelekea ule umati. Kikavu! Akageuza ufunguo mara kadhaa, petroli ifike mbele, ndipo akawasha. Gari likakohoa, likashika, likatulia kwenye sauti yake. Wilkister Nasike alitoka akacheza pale pale mbugani, mwalimu mzima, gauni limejaa vumbi, na Jentrix akaja mbio akamkumbatia na unga wote wa mikononi.

Jioni ile alipita kituo cha petroli. Kijana wa pampu alimjua, akauliza kama kawaida, "Ya kiasi gani, Mwalimu?"

"Jaza," akasema. Kijana akamtaka arudie.

Jumamosi, kabla ya kuondoka, Koko alifungua mlango wa mbele, akaketi, akanyoosha mkono na kukipindua kioo cha katikati kikatazama paa. Bibi harusi wa Kimaasai akitoka kwao haangalii nyuma, na Koko hakutaka kioo kimfanyie ujanja. Naserian akatoka nyumbani kwa hatua fupi, amejaa shanga, ameshika nyasi mbichi za baraka, mama yake analia, wanawake wanaimba. Hakugeuka. Akaketi kiti cha nyuma, na Wilkister alipogeuza ufunguo, pale chini pakanguruma. Wakashika barabara ya Namanga, Isinya ikapita, mbuga ikafunguka pande zote, na gari halikukohoa hata mara moja hadi Kajiado.

Mbele ya kanisa Austin alikuwa anangoja, amekaza tai hadi shingo imevimba. Naserian akashuka, akaenda moja kwa moja. Gari likabaki na wawili tu. Wilkister alishika usukani kwa mikono iliyokuwa bado inanuka petroli kidogo, akimwangalia yule msichana wa kidato cha pili akiingia kanisani kwa miguu yake, kwa mtu aliyemtaka mwenyewe.

Koko aliinua mkono, akakirudisha kioo chini, akakielekeza kwa dereva.

"Sisi si bibi harusi," akasema. "Sasa angalia nyuma, mtoto wangu."

Wilkister akaangalia. Nyuma ya majani machache ya nyasi yaliyobaki kwenye kiti, pickup ya Mzee Kisemei ilikuwa inaingia imejaa watu wanaoimba, na katikati yao alisimama Makokha katika suti yake nzuri, amekumbatia ule mtungi wa kuzima moto.